Soketi ya Upande wa Pili

Ergash alikuwa fundi wa kuta za jipsamu, na ukuta bora kuliko zote alizowahi kusimamisha aliusimamisha nyumbani kwao Rishton, katikati ya sebule ya marehemu baba yake, ili asimsikie ndugu yake hata akikohoa.

Kazi hiyo aliijulia Tyumen, Urusi, alikokwenda kutafuta maisha kama wanaume wengi wa kwao, Bonde la Fergana. Huko watu wa magorofani walimwita awaondolee kelele za majirani, naye alizimaliza kweli. Unasimamisha fito za bati, unashindilia pamba ya mawe katikati, kisha unapiga mbao za jipsamu mbili mbili kila upande na kuziba viungo vyote. Ukiugonga ukuta huo unalia utupu, lakini neno la mtu halipiti. Aliporudi kwao akaujenga uleule. Sebule iliyokuwa ikitosha mtaa mzima siku ya pilau ya harusi ikawa vyumba viwili vyembamba, kila kimoja na mlango wake wa kutokea uani. Upande mmoja akakaa yeye na mkewe, Savri. Upande wa pili akakaa mdogo wake, Norboy, na mkewe Inoyat, pamoja na mama yao, Bi Tojinisa, kwani kitinda mimba ndiye abakiye na mama.

Chanzo chake kilikuwa maziko. Baba yao alifariki mwezi wa Julai, jua likichoma kama tanuri, na Ergash yuko Tyumen. Alipiga simu huku akilia: nisubirini, nimepata ndege, kesho asubuhi nafika. Norboy akamjibu, "Haiwezekani, kaka. Anazikwa leo. Mimi nimekataa."

Ergash akafika akakuta tuta la udongo mbichi. Yeye, mtoto mkubwa, aliyepaswa kusimama getini na mkanda wa msiba kiunoni akiwapokea waombolezaji! Aliingia jikoni, akachukua mkate, akaushika kwa mikono miwili mbele ya watu na kuapa kwamba hatakanyaga kizingiti cha Norboy maisha yake. Pale kwao mtu hashiki mkate akaapa ovyo. Akaurudisha mkate kwenye kitambaa chake, akaenda kutafuta futi ya kupimia. Watu huuita ukaidi wa namna hiyo heshima. Ni ukaidi tu, na unakula mtu.

Miaka ikapita hivyo. Ndugu wawili walipishana uani kama wapangaji wasiojuana. Ilhom, mtoto wa Ergash, alipokuwa mkubwa akaenda Tyumen kushika kazi ya baba yake, na akija likizo alilala huku na kula kule, hana habari na kiapo cha mtu. Bi Tojinisa naye, alipokuwa na nguvu, alikaa uani juani akichambua mchele, na Ergash akimwamkia hapohapo. Mama alikuwa akimtazama sana, akifungua mdomo kama mwenye neno, kisha akirudi kwenye mchele wake.

Vuli ilipoingia, mapafu yakamlemea. Akaingizwa ndani, asitoke tena. Ergash akawa anatuma vitu: mchuzi wa kondoo, komamanga, dawa, blanketi la sufu. Vyote vilivuka kizingiti isipokuwa yeye mwenyewe. Mara kadhaa mama alituma aitwe, ana neno naye. Ergash akajibu, "Amwambie Savri, Savri ataniambia." Bi Tojinisa akakataa. Neno hilo, alisema, atalisema kwa mdomo wake.

Mwezi wa Februari daktari akaleta mashine ya oksijeni, akaonya kwamba isichomekwe kwenye waya wa kuunga. Ule waliojaribu nao kwanza ulikuwa umeshapata moto hadi ukanuka. Ikabidi soketi mpya iwekwe kando ya kitanda, na kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta wa Ergash.

Siku hiyo alasiri Ergash yuko uani anachanja kuni, Inoyat akamjia na kitambaa cha kichwa kimemponyoka.

"Shemeji, ile soketi aliyoweka Turdali imeng'oka."

"Imeng'okaje?"

"Kama jino bovu. Inaning'inia kwenye nyaya. Norboy kaishikilia kwa mkono toka mchana, maana akiiachia tu mashine inazima."

"Turdali aliishikiza na nini?"

"Na plasta. Alichota kiganja kizima, akabandika."

"Plasta! Kwenye jipsamu!" Ergash akacheka bila furaha. "Huyu mzee anadhani ule ukuta kaujenga babu yake?"

Turdali, fundi umeme wa mtaa, alikuwa mtu mwema, lakini maisha yake yote alikuwa amechokonoa kuta za udongo, zile nene ambazo ukichimba shimo ukatia kisanduku na plasta kidogo, kitakaa humo mpaka kiama. Ukuta wenye uwazi ndani hauna pa kuishika plasta. Inadondokea gizani na kisanduku kinabaki kinaelea. Kuna visanduku vyake maalumu, vyenye vikucha ubavuni. Ukikaza skurubu, vikucha vinajitokeza nyuma ya ubao na kuung'ata. Turdali hajawahi kukiona hata kimoja. Ergash alikuwa navyo mfuko mzima, chini ya kitanda.

"Njoo uiweke wewe, shemeji," Inoyat akasema. "Nakuomba."

Ergash akaliweka shoka chini. Akautazama mlango wa Norboy, akatazama pembeni.

"Nenda, baba Ilhom," Savri akasema kutoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Nimeapa kwa mkate, Savri. Watu waliniona."

"Kiapo kina kafara. Unalisha maskini, yamekwisha. Mama ana kafara?"

"Nitafanya kutokea upande wangu," alisema baada ya kufikiri. "Nitaweka soketi kwangu, nitoboe tundu, waya wa mashine upite humo."

"Makubwa!" Savri akapiga makofi, unga ukaruka. "Yaani mama yako apumue kupitia tundu la panya ili miguu yako isivunjiwe heshima!"

Inoyat hakucheka. "Popote utakapopita, shemeji, fanya upesi."

Akaingia ndani, akasogeza kitanda chake kilichokuwa kimeegemea ukuta uleule, akagonga kwa kifundo cha kidole kutafuta fito zilipo, akapima kwa jicho. Kisha akatia alama mbali kidogo na mahali alipodhani nyaya za Turdali zinapita, akatoa msumeno wake wa kukata matundu ya duara. Jipsamu haina ubishi. Ubao wa kwanza ukatoka, vumbi jeupe likamwagika miguuni pake, na wa pili ukafuata. Nyuma yake kukawa na pamba ya mawe.

Akaanza kuing'oa kwa mkono. Ilikuwa imebanwa kiasi kwamba ilimbidi aivute kwa vipande, ikimwasha mpaka viwikoni. Tyumen hakuwahi kushindilia pamba namna hii kwa mteja yeyote. Hapa alikuwa ameishindilia kwa hasira, kwa ngumi, na sasa akaiona hasira yake mwenyewe ikitoka konzi baada ya konzi na kurundikana sakafuni. Aliona haya kidogo, lakini hakuacha.

Pamba ilipopungua akaona mwanga. Upande ule kisanduku cha Turdali kilikuwa kimelegea kwenye tundu lake, na pembeni mwake palikuwa na vidole viwili vya mtu vimekishika. Vidole vyenyewe vilikuwa vyeupe kwa plasta, na vilikuwa vinatetemeka kwa uchovu. Ergash akavitambua. Aliwahi kuvishika vidole hivyo akivivusha barabara, Norboy akienda shule.

"Ergash," sauti ikasema.

Akashtuka, akidhani ameonekana. Lakini sauti haikuwa ikimsemesha mtu aliyeko tunduni. Ilikuwa ya mama yake, nyembamba, inakatika kila maneno machache ili ivute pumzi, na ilitoka karibu sana, pale kichwa chake kilipoegemea.

"Ergash, mwanangu. Leo tena nakuomba. Mdogo wako hana kosa. Aliyekataa baba yako asubirishwe ni mimi. Yeye mwenyewe aliniusia. Alisema, Tojinisa, nikifa usinilaze ndani, nipeleke siku ileile. Nikaogopa kukwambia. Nikasema akijua ni mimi, hatarudi tena kwenye nyumba hii. Norboy akasema, mama, hilo nitalibeba mimi. Niwie radhi, mwanangu. Sitaki kwenda na hili. Niwie radhi."

Mashine ikawa inanguruma peke yake. Ergash alikuwa amepiga magoti, konzi ya pamba mkononi.

"Kanyamaza," Bi Tojinisa akasema. "Kama jana."

"Amelala, mama," Norboy akajibu.

"Kila siku amelala?"

"Kazi inamchosha. Kesho atakujibu."

"Kitanda chake kiko papa hapa, nyuma ya kichwa changu. Savri aliniambia. Ananisikia, Norboy. Ananisikia, hataki tu."

Kuna maneno yanayompiga mtu kifuani kabla hayajafika masikioni, na hayo yalimpiga Ergash. Kumbe siku zote hizo, jioni alipokuwa akijinyoosha kitandani na kujisifu moyoni kwa utulivu wa chumba chake, mama yake alikuwa hapo nyuma ya mto wake akimwomba, akisubiri, na kulala bila jibu. Na yule aliyemchukia miaka yote alikuwa kabeba mzigo usio wake na hakuwahi kuutua.

Akaweka mdomo kwenye tundu ajibu. Kisha akaona aibu ya jambo lenyewe: radhi ya mama aitoe kwenye tundu la waya? Akainuka, akapekua mfuko wake mpaka akapata kisanduku chenye vikucha, akachukua bisibisi na msumeno, akatoka peku kwenye tope la theluji. Savri alimwona akikatiza uani, akasogea mlangoni na unga mikononi.

Hakukikumbuka kizingiti mpaka alipokuwa ameshakivuka.

Norboy alikuwa ameketi sakafuni, bega limeegemea ukuta, mkono umenyooshwa kwenye ile soketi. Akageuza shingo tu.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukupokea mkono," Ergash akasema.

Wakatazamana. Norboy akaliona vumbi la jipsamu mikononi mwake, akatupa jicho ukutani, akaelewa kaka yake katokea wapi na amesikia nini. Uso ukamlegea, akainama.

"Usiiachie kwanza," Ergash akasema. "Nazima umeme. Inoyat, ule mfuko wa oksijeni wa akiba upo? Mwekee mama puani, uubinye polepole. Usiogope."

Umeme ulipozimwa mashine ikanyamaza, na nyumba nzima ikabaki na pumzi za yule bibi, zikikwaruza. Ergash hakuthubutu kumtazama. Tundu la Turdali lilikuwa limechongwa kwa kisu, kubwa na la kupinda, lisilofaa kitu. Ilibidi atoboe jingine kando, kwenye ubao mzima, avute nyaya zifike huko. Norboy akamulika kwa tochi ya simu. Ergash akaweka msumeno ukutani ukateleza. Akauweka tena, ukateleza tena.

"Mkono unakutetemeka, fundi wa Tyumen," Norboy akasema.

"Mulika vizuri wewe, acha maneno."

Huo ndio ulikuwa utani wao wa kwanza tangu siku ya mkate, na wote wawili waliuhisi hivyo, maana Norboy alikohoa na Ergash akafuta jicho kwa kiwiko chenye vumbi. Tundu likatoka duara safi. Kisanduku kikaingia, nyaya zikafungwa, akaanza kukaza skurubu taratibu mpaka akahisi vikucha vinauma ubao kwa nyuma. Akakivuta kwa mikono miwili. Hakikusogea. Akamwashiria Inoyat awashe umeme.

Mashine ikaguna, ikanguruma. Ergash akasubiri mpaka pumzi za mama zilipotulia na midomo yake ikaanza kurudi rangi. Hapo ndipo alipoupata ujasiri wa kusogea kitandani.

"Ergash," mama akasema, "ulikuwa unanisikia?"

Angeweza kumdanganya. Lakini amwambie nini? Amwambie alisikia, akanyamaza?

"Sikukusikia, mama," alisema. "Niliujenga hivyo huu ukuta. Sikutaka kusikia sauti ya mtu yeyote wa upande huu. Mpaka nilipotoboa leo..."

Mabega ya Bi Tojinisa yakaanza kutikisika, na Inoyat akakimbilia mfuko wa oksijeni, kumbe anacheka.

"Kumbe nilikuwa nasema na pamba!" Akakohoa, akavuta pumzi. "Alhamdulillahi. Mimi nilidhani mwanangu ananisikia na kuninyamazia. Hilo ndilo lililokuwa linanikaba, si mapafu."

"Nimeridhia, mama. Nimekuwia radhi ya kila kitu. Na wewe niridhie."

"Nimeridhia. Duniani na akhera." Akainua kidole kumwelekeza Norboy. "Na huyo?"

Ergash akageuka. Norboy alikuwa bado ameketi chini, tochi inawaka bure mkononi.

"Mdogo wangu, niwie..."

"Baba nilimshusha kaburini mimi," Norboy akamkata, sauti inampasuka. "Watu wanatupia udongo, mimi natazama barabara. Nasema labda ndege imewahi, labda utatokea pale kwenye ile miti mirefu ya mipopla unakimbia. Nilikutaka pale kuliko ulivyotaka mwenyewe! Halafu ukaja, hukuniuliza kitu, ukashika mkate."

Ergash akaketi karibu naye, akauchukua ule mkono ulioshikilia soketi mchana kutwa. Vidole vilikuwa vimekakamaa vimejikunja. Akaanza kuvikanda kimoja kimoja, na Norboy akamwacha. Inoyat akaleta chai, Savri akaja na mkate wa moto, wakala wote chumba kimoja.

Bi Tojinisa alifariki wiki moja kabla ya Navruzi, sikukuu ya kuingia machipuko, kulipokuwa kunapambazuka, wana wake wote wawili wako kitandani pake. Hakuacha wosia mrefu. Alikuwa ameshawaambia, "Nami msinisubirishe. Nataka kulala na baba yenu siku ileile."

Asubuhi wanaume wa mtaa walifika na jeneza la kubebea, maji yakatengwa motoni, wanawake wakaingia kumwosha. Mzee wa msikiti akamwita Ergash kando. "Wewe ndiye mkubwa," akamwambia. "Bado kuna baridi, akilala mpaka kesho si neno. Ukisema tusubiri, tutasubiri. Uamuzi ni wako."

Simu ikaita. Alikuwa Ilhom.

"Baba, nisubirini, msimzike bibi!" Alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeko barabarani. "Nimepata ndege ya leo jioni. Alfajiri nafika. Baba, kuna baridi, safari hii hakuna wa kusingizia joto! Nisubirini!"

Ergash akasimama na simu sikioni. Aliyajua maneno hayo. Aliyasema yeye, na kwa sauti ileile. Kule ndani maji yalikuwa yanamiminwa, na alijua bibi yule angelala mpaka kesho bila kulalamika, na kijana angefika, angemwona, na hakuna ambaye angemlaumu mtu. Kilichomzuia kilikuwa ombi la mama tu.

Norboy alikuwa amesimama kando yake, mkanda wa msiba wa Ergash mkononi. Akanyoosha mkono mwingine.

"Lete simu, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamwambia mimi nimekataa. Nimeshazoea."

Ergash akageuza bega, simu asiitoe.

"Ilhom, nisikilize. Tunamzika leo baada ya adhuhuri. Yeye mwenyewe alitaka hivyo, na anayekataa asubirishwe ni mimi, baba yako. Si ami yako, si mtu mwingine. Ukikasirika, nikasirikie mimi, na ukifika uje unambie usoni."

Kule Tyumen kijana akaanza kulia, kwanza kwa kujizuia, halafu kwa sauti, akisema maneno ya uchungu ambayo mtoto hamwambii baba yake siku ya kawaida. Ergash hakumkatiza, hakukata simu, wala hakuiondoa sikioni. Alisimama akamsikiliza mpaka mwisho, huku Norboy akimfunga mkanda kiunoni.